Mtu wa Kukataa

Kabla mwanangu hajaanza shule ya chekechea, mimi nilikuwa mama hodari. Mtaani kwetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, wanawake walinisimamisha njiani wamguse mashavu, wakaniuliza namlisha nini, nami nilijibu kwa maringo kidogo kwamba ni samaki, ni mawese, ni usafi. Niliamini kabisa kwamba afya ya mtoto ni kazi ya mikono ya mama yake, na kwamba wenzangu ambao watoto wao walitoka makamasi mwaka mzima walikuwa wazembe tu. Nadhani Mungu alinisikia nikiwaza hivyo, akaniacha nimwandikishe mtoto shule.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kanisa, chenye madirisha madogo na mikeka sakafuni, na watoto wamebanana humo kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye beseni. Mwalimu wao, binti mpole asiyepandisha sauti, alitaka kila mtoto awe na mushwari, yaani kitambaa cha kufutia kamasi, kimebanwa kifuani kwa pini. Cha mwanangu nilikishona mwenyewe, cheupe, chenye pindo la buluu. Siku ya kwanza alirudi na cha kijani. Nikamuuliza chake kiko wapi. Akasema amempa rafiki yake, na rafiki yake amempa hiki, kwa sababu wanapendana. Kile cha kijani kilikuwa kimekauka makamasi mpaka hakikunjiki. Nilicheka sana siku ile, nikamsimulia mume wangu naye akacheka.

Kicheko hakikudumu. Mtoto alianza na mafua, mafua yakashuka kifuani. Akapata nafuu, akarudi shule, akaja na macho mekundu yaliyogandana usingizini, akaamka akilia kwamba amekuwa kipofu. Akapona hayo, akarudi, akaja na kuhara. Wala hakuwa mchoyo. Kila alichokipata shuleni alitugawia: kwanza mdogo wake, ambaye nilikuwa bado namnyonyesha, kisha mimi, kisha baba yao, aliyekuwa akipeleka mawese Bujumbura kwa lori na sasa alikohoa njia nzima, akapita Magara anakohoa, akapita Gitaza anakohoa, akashusha mzigo anakohoa. Tukipona wote siku mbili tatu, mwenyewe alikuwa ameshaleta kitu kipya. Mtu mmoja tu nyumbani hakuguswa. Huyo ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu alivuka ziwa kutoka ng'ambo, upande wa Fizi, miaka mingi iliyopita akiwa na mtoto mmoja mgongoni, na mtoto huyo ndiye mume wangu. Aliuza ndagala ufukweni mpaka magoti yakamkatalia, ndipo akahamia kwetu. Mimi nimekulia Tanzania, ukimbizini, nikarudi na Kiswahili cha kule, na sasa nakifundisha shule ya msingi. Yeye alikiita Kiswahili ya radio. Tulipendana, lakini tulipendana kama watu wanaotumia jiko moja. Mimi hasira zangu ziko karibu. Yeye hana hasira, ana subira, na subira yake iliniudhi kuliko matusi.

Katika ugonjwa ule wote hakuna aliyefanya kazi kumshinda. Alipasha mawese moto kwa chumvi akamchua mtoto kifua. Alimwekea uji mdomoni hata mtoto akiukataa, akisema mgonjwa haulizwi uji. Macho yalipogandana, aliniamuru nimkamulie mtoto maziwa yangu machoni. Nikamwambia huo ni ushamba. Akasubiri. Kesho yake nilikuwa nimemwinamia mwanangu, titi mkononi, naye anapiga kelele kwamba yeye si kichanga. Kama ni maziwa au ni ugonjwa wenyewe ulikuwa umechoka, sijui. Macho yalifunguka, na bibi yake alifagia uwanja mzima akiimba.

Kikohozi ndicho kilichokataa kuondoka.

"Kilimi ya mutoto imeshuka," aliniambia asubuhi moja, tunachambua maharage. "Tumupeleke kwa muzee, akikate. Atapona."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa kooni. Huku kwetu na ng'ambo kwao wako wengi wanaoamini kwamba mtoto asiyeacha kukohoa kilimi chake kimerefuka, kinamkuna koo, na dawa yake ni kukikata. Mzee aliyemsema alikaa karibu na Magara na alijulikana kwa kazi hiyo. Alikuwa na kiwembe kilichofungwa kwenye ujiti. Watu wawili wanamshika mtoto, wa tatu anampanua mdomo, na kabla kilio hakijatoka vizuri kazi imekwisha. Walimu wenzangu wengi walikatwa utotoni na hawaoni ajabu. Mimi baba yangu alikataa nikatwe. Sijui kwa nini, pengine siku hiyo hakuwa na nauli tu. Nilikohoa utoto wangu wote, na bado niko hapa nagombana na watu.

"Hapana, Mama," nikasema.

"Kwetu batoto bote banakatwa."

"Na damu ikikataa kukauka? Na kidonda kikioza kule ndani, utakifunga na nini?"

"Mungu iko."

"Mungu ndiye aliyekiweka hicho kilimi. Hakikatwi."

Aliguna, akatikisa kichwa, akaenda kupasha mawese.

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu muhula mzima. Mtoto akikohoa akicheza, bibi yake ananitazama. Akikohoa akila, ananitazama na kusema, "Kilimi hiyo." Nami nasema hapana. Wakati mwingine nilikisikia kikohozi nikiwa bafuni, nikapaza sauti kutoka huko huko, "Hapana!" kabla hajafungua mdomo. Mume wangu nilipomlalamikia alisema hayo ni mambo yenu ninyi wawili, akapanda lori lake. Siku moja nilikasirika hasa. Nilimwambia mama mkwe kwamba akithubutu kumpeleka mtoto kwa yule mzee bila mimi kujua, asirudi nyumbani kwangu. Ni maneno mazito kumwambia mwanamke aliyemvusha mume wako majini. Nilitegemea alie au anijibu. Alisema tu, "Sitamupeleka bila wewe. Hata siku moja." Nikaona ameogopa, na nikajiona nimeshinda.

Nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muganga, yaani daktari, aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alimsikiliza kifua, akamchungulia koo, akampima malaria, hakuona kitu cha kutisha.

"Ni mwaka wa kwanza ya ekole, mama," akaniambia. "Alizoea magonjwa ya nyumba yenu peke yake. Sasa anakutana na ya mtaa muzima kwa mara moja. Mwili unajifunza. Wewe angalia kupumua. Akipumua mbio, ao mbavu ziingie ndani, umulete hata kama iko mvua."

"Na kilimi?" nikauliza, ili nikaliseme jibu nyumbani.

"Kiache pahali kiko."

Nilirudi nimeinua kichwa. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema muganga ameongea vizuri, na mtoto alipokohoa jioni ile akasema, "Kilimi hiyo."

Kisha mvua zikaanza, na nguvu zikaniishia. Mtoto mdogo alishikwa kifua mpaka mbavu zikaanza kuingia ndani, kama vile muganga alivyonionya, tukalazwa naye hospitali, nikakaa pale kitandani nikihesabu pumzi zake na kumwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Alipona, lakini mimi sikupona ile hofu. Tuliporudi nyumbani, kila aliyekohoa, hata jirani ng'ambo ya ukuta, moyo wangu ulidunda. Kazini direkteri, mkuu wa shule yetu, aliniita ofisini.

"Madamu, absansi zako zimezidi," alisema, akinionyesha orodha ya siku nilizokosa kazi, kwa upole uliokuwa na meno. "Wazazi beko nauliza kama Kiswahili kimefutwa."

Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, mtu ninayemheshimu, alinifuata nje akanishika mkono. Alisema wanawe wote wamekatwa vilimi na hajui kikohozi ni nini. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akaniambia. Methali hiyo mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi wangu. Siku ile ilinichoma, maana ndicho hasa nilichokuwa nikikifanya: nilikuwa nalia.

Jioni hiyo nilimkalisha mwanangu kwenye kigoda, nikawasha tochi ya simu, nikamwambia afungue mdomo. Alifungua kwa fahari, akidhani nahesabu meno. Nilikiona kilimi chake, kidogo, chekundu, kinatetemeka akipumua. Hakikuwa na kosa lolote. Nilikichukia.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tulizungumza kwa kupaza sauti. Mume wangu alikuwa safarini. Mimi mwenyewe nilikuwa na homa na koo limenikauka, mtoto mdogo amelala baada ya kusumbua, na mkubwa nilikuwa nimekwisha kumvika sare na kumbana mushwari kifuani. Akanywa uji. Kikohozi kikamshika katikati ya kikombe. Alikohoa akainama, akakohoa akapiga magoti, akakohoa mpaka uji wote ukarudi juu ya sare, juu ya mkeka, juu ya madaftari ya wanafunzi wangu niliyokuwa nimeyasahihisha. Alipomaliza alinitazama kwa macho yaliyojaa maji.

"Mama, pole," akasema. Aliniomba radhi, kana kwamba kukohoa ni utundu.

Nilikaa chini pale pale kwenye uji. Mama mkwe alikuwa ameshakuja na kitambaa, anafuta kimya kimya. Nilijua atasema neno lake la kila siku, na safari hii sikungoja.

"Mpeleke," nikasema.

Aliacha kufuta.

"Mpeleke kwa mzee, Mama. Wakikate. Mimi siwezi tena."

Nilidhani atafurahi. Alimvua mtoto sare chafu, akamvika sweta, akachukua kitenge chake cha nje, akainama, akamweka mgongoni. Mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia, na magoti ya bibi yenyewe mabovu. Akafunga fundo la juu, akafunga la chini, akachukua mwavuli. Akafika mlangoni akasimama, amenipa mgongo, mtoto ameniangalia kutoka huko juu na kidole mdomoni. Mvua ilikuwa inaingia ndani kwa mlango ulio wazi. Hakutoka wala hakurudi.

"Mama?"

"Umesema nini?" akauliza bila kugeuka.

"Nimesema mpeleke."

"Wewe?"

"Mimi."

Akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule, wala sitaki kuuona tena.

"Mutoto yangu ya kwanza alikuwa mukubwa sawa huyu," alisema. "Mwanamuke."

Nilijua alipata mtoto wa kike ng'ambo na kwamba alifariki. Nilikuwa nimeambiwa ni kifua, na nikaishia hapo, kama watu wanavyoishia hapo kuhusu watoto wa wengine waliokufa zamani.

"Alikuwa nakohoa sawa huyu. Mama mukwe wangu akasema tukate. Bwana yangu akasema tukate. Mimi pia nikasema tukate. Sisi bote tukasema neno moja. Hakuna mutu alisemaka hapana, mukamwana wangu. Hata jirani. Tukamushika. Mimi nilishika kichwa."

Mvua ilizidi, akasogea ndani ili nimsikie.

"Damu ilitoka, ikatoka. Kisha homa. Kilimi ao kiwembe, kitu gani kilimuchukua, mpaka leo sijui."

Nilitaka kusimama nimshike. Ikanijia hasira yangu ya kawaida, ile inayokuja mahali pa machozi.

"Basi kwa nini umenisumbua muda wote huu? Kila siku kilimi, kilimi! Kama ulijua!"

"Sijui kitu, nimekuambia sijui. Kilimi naamini. Na kiwembe naogopa. Mutoto akikohoa, woga inanishika mpaka mu mifupa, lazima niseme. Nasema kilimi. Na wewe unasema hapana, unakuwa mukali, macho inatoka nje. Halafu mi nasikia muzuri. Naenda kupasha mawese, nasema mu roho yangu, hii nyumba iko na mutu ya kukataa."

Alikuwa analia sasa, bila kujificha, mtoto mgongoni akimpapasa shingo kwa mkono mmoja kama anavyompapasa kuku wetu.

"Na leo na wewe umekubali," akasema. "Sasa nani atakataa?"

Mimi nilidhani muhula mzima nilikuwa napigana na mwanamke huyu. Kila hapana yangu niliitupa kama jiwe, nyingine nikaitupa kwa makusudi imuumize, naye alikuwa akiziokota na kuzitumia kuishi. Nilimwonea uchungu, na chini ya uchungu nilimpenda, tena kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda wakati anatenda mema.

"Kataa," akaniambia.

"Mama, nimechoka."

"Kataa na kuchoka yako."

Nikajaribu. Koo lilikuwa limekauka kwa mafua, nikafungua mdomo kikatoka kikohozi. Nilikohoa mimi sasa, nimeinama, kama mwanangu. Alisubiri. Anajua kusubiri.

"Hapana," nikasema.

"Iko mvua. Sisikie."

"Hapana, Mama! Hakatwi! Hakatwi mtu nyumba hii, mshushe mtoto!"

Mdogo aliamka chumbani akaanza kupiga mayowe. Mama mkwe aliegemea ukuta, akafungua fundo la chini, akafungua la juu, mtoto akateleza mpaka sakafuni. Akauliza kama anaweza kupewa uji mwingine kwa kuwa ule wa kwanza ulitoka. Tulicheka, huku kila mmoja wetu anapangusa macho kwa upindo wa kitenge chake.

Hakwenda shule siku ile, wala mimi. Direkteri aliandika absansi nyingine, na aandike. Tulikaa wote wanne kwenye mkeka uliofutwa, mlango umefungwa, mawese yanapata moto jikoni. Mwanangu alikohoa wiki nyingi baada ya hapo. Kisha kikohozi kikapungua, bila dawa ya maana na bila kuaga, na siku moja nikashangaa kwamba tumemaliza chakula chote bila mtu kugeuza uso pembeni. Kilimi chake kiko pale pale. Anakitumia kupiga kelele.

Mchana ule wa mvua, watoto walipolala, nilimuuliza mama mkwe yule binti aliitwa nani. Akalitaja, taratibu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Siliandiki hapa, maana si langu. Lakini upande huu wa ziwa sasa tuko wawili tunaolijua.